Masizi Mahali Pake

Modeli ya treni inapotoka kiwandani huwa safi kupita kiasi. Weusi wake ni weusi mtupu, wekundu wake hauna doa, na namba iliyo ubavuni ni ileile iliyopigwa chapa kwenye wenzake wote walio ndani ya maboksi kama lake. Wapo wanaoiweka kabatini hivyohivyo, na boksi lenyewe wakalitunza, kwa kuwa modeli isiyoguswa ndiyo yenye bei. Mimi nasimama upande wa wale wengine: wanaoinunua, wakafungua skrubu, wakalivua ganda lake na kulitumbukiza kwenye alkoholi ya isopropili mpaka rangi ya kiwanda ianze kuvimba na kuachia. Kwa mkusanyaji huo ni uharibifu. Kwangu ndio mwanzo wa kazi ya heshima, kwa sababu vichwa vya treni halisi havikuwahi kufanana hata siku moja. Kila kimoja kilikuwa na watu wake, njia yake na uchafu wake, na anayekipaka upya kwa udogo anawafuata watu hao.

Swali lake la kwanza ni mwaka. Chukua Mallard, kichwa cha Uingereza kilichofika maili 126 kwa saa, kiasi cha kilomita 203, tarehe 3 Julai 1938, na ambacho hakuna kingine cha mvuke kilichothibitishwa kukipita hadi leo. Siku ile kilikuwa cha buluu. Vita vilipopamba moto kikapakwa nyeusi, maana rangi nzuri na mikono ya kuisafisha vilikuwa adimu. Reli zilipotaifishwa kikaishia kuvaa kijani, kikastaafu mwaka 1963, na sasa kimesimama kwenye National Railway Museum mjini York kikiwa na buluu yake tena. Anayetaka kujua rangi ya Mallard ni ipi hajibiwi mpaka ataje tarehe. Akishaitaja, mengi humfuata: mabehewa ya nyuma yawe yapi, herufi zilizo ubavuni zisomeke nini, na hata bamba za chuma zilizofunika magurudumu ziwepo au zisiwepo, kwa kuwa wakati wa vita ziliondolewa ili mafundi wafikie mitambo kwa urahisi.

Hapo mpakaji hugeuka mtafiti, na picha za zamani si shahidi wa kuaminika sana. Filamu za zamani, zikiwemo zile za othokromatiki, hazikuiona nyekundu. Kilichokuwa chekundu kikatoka cheusi, na buluu ikatoka imefifia. Anayetazama picha ya mwaka 1900 na kuapa kwamba behewa lile lilikuwa jeusi, huenda anatazama damu ya mzee iliyong'arishwa asubuhi hiyohiyo. Picha za rangi nazo zina udanganyifu wake, kwani wino wake haufifii wote kwa mwendo mmoja. Mmoja ukitangulia, picha nzima huegemea upande wa uliobaki. Ndiyo maana watu makini hukwangua taratibu kwenye mabaki ya behewa la kweli, tabaka kwa tabaka, wakitafuta kibanzi kimoja cha rangi ya awali ambacho jua halikukifikia.

Na hata kikipatikana, kopo la rangi lililopaka kichwa kizima halifai kwa modeli yake. Kwa kipimo cha HO, ambacho hupunguza kila kitu mara 87, kuitazama modeli kwa umbali wa sentimita 60 ni sawa na kukitazama kichwa halisi ukiwa mita 52. Kwa umbali huo hewa na mwanga wa anga vimeshapunguza makali ya kila rangi. Nyeusi imekuwa kijivu cha kukolea, nyekundu imepoa. Kwa hiyo mpakaji huchanganya tone la kijivu au la kahawia kwenye nyeusi yake, na ghafla ribiti zilizokuwa zimemezwa zinaonekana. Nyeusi ya kopo huifanya modeli ionekane kitu cha plastiki. Nyeusi iliyopunguzwa huipa uzito wa chuma, na tofauti hiyo mtu ambaye hajawahi kushika brashi huiona pia, ila hawezi kusema imetoka wapi.

Kazi ya mkono ina utaratibu usiokubali haraka. Ganda likishavuliwa rangi husuguliwa kwa mswaki laini na kuoshwa kwa sabuni ya vyombo, na tangu hapo haliguswi kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi hukataa rangi. Hufuata praima, nyembamba, ambayo huanika kila kasoro ambayo macho yalikuwa yameisamehe. Ndipo rangi yenyewe ipulizwe kwa kalamu ya upepo iliyounganishwa na kompresa ndogo, mpulizo mwepesi juu ya mpulizo mwepesi, kila mmoja ukiachwa ukauke. Anayetaka kumaliza kwa mpulizo mmoja mzito huziba mistari ya mbao za behewa, na mistari hiyo haichongeki tena.

Kabla ya namba kuwekwa, ganda zima hupewa vanishi ya kung'aa. Fundi mgeni hushangaa: kwa nini kung'arisha kitu ambacho mwisho wake kitafubazwa? Sababu ni kwamba namba na nembo huja kwenye utando mwembamba unaoloweshwa majini na kuteleza hadi mahali pake. Utando huo ukikalia rangi iliyofubaa, ambayo kwa kweli uso wake una mikwaruzo midogo isiyoonekana, hewa hunaswa chini yake na kuacha ukungu wa rangi ya fedha kuzunguka kila tarakimu. Kwenye uso laini hewa haina pa kujificha. Utando ukishakauka hufungiwa kwa vanishi nyingine, na hapo macho hayajui tena kama namba ilibandikwa au ilipakwa. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakachora mistari ya urembo kwa kalamu ya wachora ramani, ile yenye midomo miwili ya chuma inayobana tone la rangi katikati. Mstari wa upana wa unywele, ulionyooka kutoka mwanzo wa boila hadi kwenye kibanda cha dereva bila kutetereka, ni kipaji ninachokivulia kofia popote ninapokiona.

Magurudumu yana sharti lake. Umeme wa modeli hupita kwenye reli, ukapanda kwa magurudumu hadi kwenye mota, kwa hiyo ukingo unaogusa reli haupakwi kamwe. Hupakwa uso wa pembeni tu, na njia nzuri ni kukipindua kichwa juu chini, kukipa umeme, na kuigusisha brashi kwenye magurudumu yakizunguka, ili rangi ienee sawasawa na isilundikane nyuma ya vyuma vinavyoyaunganisha.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote huja baada ya hayo, pale ambapo kichwa kilichopakwa kwa uangalifu mkubwa huanza kuchafuliwa. Uchafu una akili yake, na anayeunyunyiza ovyo hujulikana mara moja. Masizi hutua juu, kuanzia nyuma ya bomba la moshi kwenda kwenye paa la kibanda, maana ndiko upepo wa mwendo unakoyapeleka. Vumbi la njia hupanda kutoka chini na kukoma mahali fulani ubavuni. Chokaa nyeupe hushuka kwa mistari pale maji ya boila yanapovuja kwenye viungo na kukauka kwa joto. Mafuta humetameta kwenye fimbo za kusukuma magurudumu, kwa sababu kuna mtu aliyezunguka na mdumu kabla ya safari. Vyuma vya kushikia ngazini havina kutu wala masizi, vimesuguliwa na viganja mpaka vikang'aa, na mpakaji huvipitishia ncha ya penseli ili ule mng'ao wa giza wa risasi yake ubaki pale. Kila alama ina chanzo, na asiyejua maji huingilia wapi au mchochea moto hukanyaga wapi hawezi kuiweka mahali pake. Nimejifunza jinsi injini ya mvuke inavyofanya kazi kwa kutafuta sababu za madoa yake, na sidhani kama kitabu chochote kingenifundisha kwa undani ule.

Mmoja wa waliotufungulia njia hii ni John Allen, mpigapicha wa Monterey, California. Tangu miaka ya 1940 alijenga reli ya HO aliyoiita Gorre & Daphetid, ikatanda chumba cha chini cha nyumba yake, na wakati wengi wakishindana kung'arisha, yeye alipaka kutu, mbao zilizopauka na mapaa yaliyochakaa. Nadhani jicho la kamera lilichangia. Alijua kwamba mwanga hauna la kushika kwenye kitu kisichotumika. Alifariki Januari 1973, na siku chache tu baadaye moto ukateketeza karibu reli yote. Zilibaki picha zake, na picha hizo zimewafundisha wapakaji wa vizazi vilivyofuata kwamba kuchakaza ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kichwa kinachostahili juhudi zote hizi. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ililetea Reli ya Afrika Mashariki vichwa 34 vya daraja la 59, vya aina ya Garratt: boila moja kubwa iliyoning'inia katikati ya mitambo miwili, ili urefu wa zaidi ya mita 31 uweze kujipinda konani. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na magurudumu 28, na vilikuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Vilivuta treni za tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Vilichoma mafuta mazito badala ya makaa. Vilipakwa damu ya mzee, na kila kimoja kikapewa jina la mlima.

Viwili vimehifadhiwa Nairobi, kimoja namba 5918, Mount Gelai, kingine namba 5930, Mount Shengena. Mlima Gelai uko kando ya Ziwa Natron na Shengena uko Upare, yote miwili Tanzania, na vichwa vyenye majina hayo vimebaki Kenya tangu Reli ya Afrika Mashariki, iliyokuwa shirika la pamoja, ivunjike mwaka 1977. Anayebandika kibamba cha shaba chenye mojawapo ya majina hayo ubavuni mwa modeli anabandika pia wakati ambapo reli moja ilihudumia nchi tatu.

Kwa kipimo cha HO kichwa hiki hufika sentimita 36 na hutembea kwenye reli ya milimita 12. Na kukichafua kunataka fikra mpya, kwa sababu mazoea ya Ulaya hayasaidii. Mafuta mazito hutoa masizi mazito yanayong'ang'ania, tofauti na majivu makavu ya makaa. Vumbi la kutoka chini haliwezi kuwa la kijivu. Njia ile hupita Voi na Tsavo, kwenye udongo mwekundu unaowapaka hata tembo, na wekundu huo ukikaa juu ya damu ya mzee hauonekani kama doa, huonekana kama rangi inayopauka kuelekea chini. Kuupata ni kuchanganya unga wa rangi ya tofali na ule wa machungwa kidogo, kuupitisha kwa brashi kavu kwenye fremu na magurudumu, kisha kuufuta karibu wote. Kinachobaki kwenye pembe na chini ya ribiti ndicho kinachotakiwa.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linalopingana na yote niliyoyasifu. Mount Gelai ilipata sifa enzi zake kwa jinsi madereva wake walivyoitunza: chuma kikisuguliwa, shaba ikimetameta, kibanda kikiwa safi kuliko sebule za watu wengi. Kuipaka uchafu ili ionekane ya kweli kungekuwa kuwafutia watu hao kazi yao. Mng'ao wao haukuwa ule wa kiwandani. Ulitoka kwenye matambara yenye mafuta yaliyopita mahali palepale kila siku, mpaka rangi ikawa laini na nyembamba kwenye kingo, na chuma kikaanza kuchungulia. Kuuiga ni kugumu kuliko kutu. Hutaka vanishi ya mng'ao wa wastani, isiyo kavu wala ya kioo, kisha kusugua kwa kitambaa kwa upande mmoja tu, ule ambao mkono wa mtu aliyesimama kwenye ngazi ungeufuata, na kuacha giza kidogo pale ambapo mkono usingefika.

Kwa hiyo namba 5918 nitaipaka safi, ya mwisho wa miaka ya 1960, na vumbi la safari moja tu kwenye magurudumu. Masizi na wekundu wa Tsavo nitavipeleka kwenye matangi ya mafuta na mabehewa ya mizigo yatakayoifuata, ambayo hayakuwa na dereva wa kuyaonea fahari, na kila moja litapata uchafu wake lenyewe.