Mti, Nyumba na Kiungo Chao

Hoteli za juu ya miti huuzwa kwa picha za dirishani: kitanda cheupe, chandarua, matawi na bonde la ukungu kwa mbali. Picha hizo zinavutia, lakini hazitoshi kuhukumu jengo. Anayetaka kulisoma jengo la namna hii aanze chini ya sakafu, pale boriti inapokutana na gome. Neno "endelevu", ambalo kila tangazo la utalii linalo siku hizi, hapo ndipo linapothibitika au kuanguka.

Mti hauponi jeraha kama ngozi ya mtu inavyopona. Huzungushia sehemu iliyoumia kuta za ndani, ukaiacha humo na kuendelea kukua pembeni yake. Chakula chake hupita katika tabaka jembamba lililo chini tu ya gome. Mnyororo au kamba ikizungushwa shinani na kukazwa, mti unaendelea kunenepa, kifungo hakilegei, na baada ya miaka kadhaa njia hiyo ya chakula inanyongwa. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hupendelea bolti moja nene iliyoingia moja kwa moja kwenye mbao ya ndani kuliko misumari mingi midogo, na boriti huiweka juu ya kishikio kinachoteleza, ili upepo ukiyumbisha shina nyumba isivunjike wala isiupasue mti. Aina hiyo ya bolti iliendelezwa Oregon, Marekani, na wajenzi kama Michael Garnier katika miaka ya 1990. Ni kitu kidogo cha chuma ambacho mgeni hatakiona kamwe. Lakini kwangu mimi ndicho sentensi ya kwanza ya fani hii, kwa sababu kinakiri kwamba mwenye nyumba amepanga kwa kiumbe hai, na kiumbe huyo bado anakua.

Tukisoma hivyo, Treetops ya Nyeri inakuwa hadithi ya umbo lililogeuka ndani ya jina lile lile. Eric Sherbrooke Walker na mkewe waliifungua mwaka 1932 katika msitu wa Aberdare (Nyandarua), juu ya mgumo, mti ambao kwa Wagikuyu ni mahali pa sala na sadaka. Ilikuwa vyumba viwili na ngazi. Wageni walitembea msituni wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki, na kwenye miti ya njiani palikuwa na vidato vya kupandia haraka endapo nyati angetokea. Umbo hilo lilikuwa na mpaka wake ndani yake: mti mmoja unabeba watu wachache, hivyo wageni walikuwa wachache. Haikuhitajika sera ya mazingira kuwapunguza.

Ukubwa huo haukudumu. Nyumba ilipanuliwa, na usiku wa tarehe 5 Februari 1952 Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alilala humo akiwa bado binti mfalme. Baba yake alifariki Sandringham usiku huo huo, na habari ikaifanya nyumba ile mashuhuri duniani. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma. Wale waliopigania ardhi na misitu ya Nyandarua walikuwa wameisoma nyumba ile kwa usahihi mkubwa: jukwaa la kutazamia nchi yao, lililowekwa juu ya mti wao mtakatifu. Hakuna uhakiki wa umbo la Treetops ninaouona kuwa kamili ukiuruka moto huo au kuutaja kama ajali tu ya historia.

Ilipojengwa tena mwaka 1957, ng'ambo ya kidimbwi, ilisimama juu ya nguzo. Baadaye ikaongezwa hadi kuwa hoteli ya makumi ya vyumba. Matawi yalipenya sakafuni na kutokea kwenye korido, wageni wakayashika na kuyapiga picha. Hapo ndipo umbo lilipogeuka: mti uliokuwa unabeba nyumba sasa ulikuwa umebebwa ndani yake kama pambo, na uzito wote ulikuwa juu ya magogo yaliyokufa. Idadi ya wageni haikupimwa tena kwa nguvu ya shina. Ilipimwa kwa idadi ya vitanda. Kila usiku ilibidi wanyama waonekane, kwa hiyo chumvi ilimwagwa kando ya kidimbwi kuwavuta tembo. Tembo walikuja, wakavunja na kumenya miti, na msitu uliozunguka hoteli ukawa uwanja mtupu. Nyumba iliyopewa jina la vilele vya miti ikatazamana na ardhi isiyo na miti, ikabidi zifanyike juhudi za kupanda upya. Sioni kasoro hapo katika upendo wa mtu yeyote kwa wanyama. Naona matokeo ya moja kwa moja ya jengo kuachana na kipimo chake cha kwanza.

Kwa upande mwingine kuna Treehotel, katika kijiji cha Harads, kaskazini mwa Sweden, iliyofunguliwa mwaka 2010. Chumba chake maarufu, Mirrorcube, kilichobuniwa na Tham & Videgård, ni mchemraba wa mita 4 kila upande, umefungwa kwenye shina la msonobari na kuvishwa vioo. Vioo vina utando usioonekana kwa macho ya watu lakini uliokusudiwa kuonwa na ndege, wasije wakajigonga. Umbo ni jeuri na pole kwa wakati mmoja: nyumba inajificha kwa kuuonyesha msitu sura yake. Hata hivyo kioo kinaficha pia kile ninachotaka kukiona, yaani kiungo. Mpita njia anaona msitu mara mbili na haoni mzigo hata mara moja.

Chumba cha saba cha hoteli hiyo, kilichobuniwa na wasanifu wa Snøhetta na kukamilika mwaka 2017, kina ujasiri zaidi. Kinasimama mita 10 hewani juu ya nguzo 12, na wabunifu hawakuficha sababu: walitaka kuipunguzia miti mzigo. Msonobari mmoja unapita katikati ya wavu wa nje pasipo kubeba chochote. Nguzo hizi si zile za Treetops. Kule ziliruhusu hoteli kuvimba. Hapa zinabeba chumba cha watu wachache na kuuacha mti uishi. Kisha kuna tumbo la jengo, ambalo limebandikwa picha ya vilele vya misonobari, rangi nyeusi na nyeupe, ili aliye chini akiinua macho aone kile ambacho jengo limemziba. Nimeifikiria sana picha ile. Jengo linajua limechukua kipande cha anga, na linalitaja deni hilo mahali ambapo mlipaji, yaani mgeni aliye juu, hawezi kuliona. Deni lenyewe bado halijalipwa. Chumba cha nane, Biosphere cha mwaka 2022, kinakaribia kulipa: kimezungukwa na visanduku 350 vya viota vya ndege, katika eneo ambalo misitu ya biashara imepunguza miti mizee yenye matundu ya kuzalia ndege.

Huku kwetu umbo lililofikiriwa vizuri kuliko yote haya naliona Chole, kisiwa kidogo cha Mafia. Chole Mjini ilijengwa miaka ya 1990 kando ya magofu ya mji wa zamani, na vyumba vyake havifiki kumi. Nyumba zimeegemea miti na nguzo kwa pamoja, na mchanganyiko huo unaonekana waziwazi. Hazina kuta za upande wa bahari. Choo kiko chini, nacho ni cha kuozesha, hakina maji ya kuvuta. Huo ni uamuzi wa umbo wenye uzito: bomba la majitaka halipandi mtini, mizizi haichimbwi kupisha mtaro, na mgeni aliyelipa pesa nyingi anashuka ngazi usiku kama kila mtu kisiwani anayekwenda uani. Wapo watakaosema anasa inaishia hapo. Kwangu ndipo inapopata maana, kwa sababu raha ya kulala mtini inatokana na kukubali masharti ya mti.

Chole ni kisiwa cha mafundi wa majahazi, na kazi ya boriti, ncha za kuunganisha na kamba ni elimu ya watu wa pale. Paa ni la makuti. Makuti huchakaa, na kila baada ya miaka michache paa hufumuliwa na kuezekwa upya. Msimamizi wa hoteli kubwa angeiona hiyo kuwa gharama ya kuepukwa kwa bati lililopakwa rangi. Lakini paa linalochakaa linamlazimu mwenye hoteli kurudi kwa wasuka makuti kila mara, na mchango wa kijiji unaokatwa katika malipo ya kila mgeni unamrudisha kwa wanakijiji wote. Bati lingeukata uhusiano wa kwanza kwa miaka 20, na nyumba ingesimama imara tu.