Ugwe Uliokatwa Hujifunza Nini?

Paka akikatwa ugwe wa uti wa mgongo chini ya mbavu, ubongo wake hauna tena njia ya kuiamuru miguu ya nyuma. Hata hivyo, katika maabara ya Reggie Edgerton kwenye Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, paka wa namna hiyo walitembea. Walitembea kwa miguu ileile iliyopooza, juu ya mkanda wa mashine ya mazoezi, nyayo zikibeba uzito wa kiuno. Majaribio hayo ya miaka ya 1980 na 1990 yamechangia sana fiziotherapia anayopewa leo mtu aliyeumia mgongo, na bado yanaeleweka vibaya. Wengi hudhani mazoezi huunga neva zilizokatika. Paka wale hawakuungwa chochote.

Kwamba ugwe una mitandao yake ya kutembea, hilo Thomas Graham Brown alilionyesha nchini Uingereza mwaka 1911. Swali la Los Angeles lilikuwa jingine: kama mitandao ipo, mbona paka wengi waliokatwa ugwe hawatembei vizuri mpaka wafunzwe?

Mafunzo yalikuwa mepesi kuyaeleza, magumu kuyatekeleza. Nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12, mkufunzi alimshikilia paka asianguke huku mkanda ukiuvuta unyayo kwenda nyuma. Nyonga inaponyooka hadi mwisho na uzito ukahamia mguu wa pili, neva za hisia hupeleka habari kwenye ugwe, nao ugwe hujibu kwa kuuinua mguu. Ubongo hauulizwi. Mkufunzi akiubeba mwili mno, uzito haufiki mguuni na habari haipatikani. Akiuachia mno, mguu unaporomoka. Ustadi wote wa kazi hii umo katika kukipata kipimo hicho, hatua baada ya hatua.

Kulikuwa na kundi jingine, lililofunzwa kusimama tu. Paka hao wakawa hodari wa kusimama, lakini walipowekwa kwenye mkanda hatua ziliwashinda. Watafiti wakawapa kiasi kidogo cha strikinini, sumu ileile ya kuulia mbwa. Dawa hii huzuia kazi ya glaisini, kemikali ambayo neva za ugwe huitumia kunyamazishana. Ndani ya saa moja, paka walioshindwa kutembea wakatembea. Wale waliokwisha kufunzwa kutembea, dawa haikuwabadilisha sana.

Kwangu hili ndilo jaribio bora katika fani nzima. Lilionyesha kwamba mitandao ya kutembea ilikuwamo mwilini muda wote, ila imefungwa breki. Mazoezi ya hatua huilegeza breki hiyo, ya kusimama huiacha ilivyo. Tena faida haidumu yenyewe: paka walioachishwa mazoezi kwa wiki 12 walizorota, ingawa waliporudishwa walijifunza upesi kuliko mara ya kwanza.

Kuna na upande wa pili: breki hiyo inaweza pia kulegea mno. Mwaka 2010 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walieleza kuwa panya walioumia ugwe hupungukiwa na protini iitwayo KCC2 katika neva zinazoendesha misuli. Protini hiyo ikipungua, ishara za kutuliza hushindwa kutuliza, misuli ikakakamaa na kurukaruka, shida wanayoijua vizuri wagonjwa wengi. Baadaye, huko Philadelphia, panya waliozungushwa miguu kwa mashine mfano wa baiskeli waliongezekewa na protini hiyo. Maana yake, mazoezi yanaweza kupunguza uzuiaji uliozidi na pia kuurejesha pale ulipopungua. Sijui dawa ya kidonge iwezayo kufanya yote mawili.

Lakini mguu unaotembezwa na mkanda haumfikishi mtu msalani. Hapo ndipo jaribio la kundi la Grégoire Courtine nchini Uswisi, lililochapishwa mwaka 2012, linapoingia. Panya walikatwa ugwe nusu upande wa kushoto na nusu upande wa kulia, katika pingili tofauti, hivi kwamba hakuna uzi wa neva uliopita moja kwa moja, ila kipande cha ugwe kilibaki katikati. Wote walisaidiwa kwa umeme na dawa. Waliofunzwa kwenye mkanda walipiga hatua za mkandani tu. Wakiwekwa sakafuni hawakwenda kokote. Wengine walifungwa kwenye roboti iliyowashika wima bila kuwasukuma, wakaitwa kwa chakula. Ilibidi wao wenyewe watake kwenda. Baada ya wiki kadhaa walikwenda, na baadaye wakapanda ngazi. Neva zilizosalia zilikuwa zimechipua njia za kupokezana amri kupitia kile kipande.

Kwa binadamu, mashine imepewa sifa kupita kiasi. Jaribio la Marekani la mwaka 2006 liliwahusisha wagonjwa 146 walioumia ugwe karibuni. Baada ya wiki 12, waliotembezwa kwenye mkanda huku wamening'inizwa kwa mishipi hawakuwazidi waliojifunza kutembea sakafuni kwa bidii ileile. Kwa hospitali zetu zenye vyuma viwili vya kushikilia na wataalamu wachache, hiyo ni habari njema: cha kutafuta kwanza ni saa za mazoezi na mikono yenye ujuzi.

Mipaka ipo. Panya walioogeleshwa siku chache tu baada ya kuumia, mishipa yao ya damu ilivuja zaidi penye jeraha. Na huko Louisville, kijana aliyepooza kabisa miguu alifanya vipindi 170 vya mazoezi ndani ya miezi 26 bila kupata nguvu ya kusimama. Alisimama baada ya kupandikiziwa elektrodi mgongoni, kama ilivyoripotiwa mwaka 2011. Aliyebakiwa na neva chache zinazopita ana nafasi kubwa zaidi kwa mazoezi peke yake.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwache daktari aamue lini aanze. Kisha muulize mtaalamu wa viungo swali moja: zoezi hili linamfundisha kufanya nini? Kama mgonjwa anataka kuhama mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, azoezwe kuhama, kila siku, tena kwa nguvu zake kadiri awezavyo.