Sauti ya Kampuni na Nafsi ya "Sisi": Uhakiki Mfupi kutoka Lubumbashi

Mtaa ninamoishi hapa Lubumbashi unaitwa Hewa Bora. Kisarufi jina hilo halina dosari: nomino imetangulia, kivumishi kimefuata, na kivumishi chenyewe ni miongoni mwa vile visivyochukua kiambishi cha ngeli. Jina hilohilo lilikuwa pia la kampuni ya ndege ya nchi yetu, ambayo ilizuiliwa kuruka mwaka 2011 baada ya ndege yake kuanguka Kisangani tarehe 8 Julai. Nasi walimu wa lugha tunalo neno hilo katika msamiati wetu, kwani hapa Kongo Kiswahili cha vitabu huitwa Kiswahili bora, ili kukitofautisha na kile tunachozungumza nyumbani na sokoni. Mtaa, kampuni na chuo vimechota neno katika kisima kimoja, lakini kila kimoja kinaahidi jambo lake, na ahadi hizo hazilingani.

Tumeanza na mfano huu kwa sababu uhakiki huu unahusu ahadi. Wataalamu wa biashara wanafundisha kwamba kampuni haina budi kusema kwa sauti moja katika maandishi yake yote: barua, matangazo, vibandiko vya bidhaa, ilani za ukutani, na siku hizi ujumbe wa simu. Msomaji aitambue kampuni hata kama nembo imefunikwa. Ili kufikia lengo hilo, makampuni hutunga miongozo yenye orodha ya maneno yanayoruhusiwa na yanayokatazwa, namna ya kumwita mteja, na kiwango cha heshima au cha utani. Shauri hilo si baya. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuhakiki fasihi atauliza swali ambalo miongozo hiyo aghalabu hailigusi: ni nani anayesema "sisi" katika maandishi haya, na anamwambia nani? Mwandishi wa tangazo hatii sahihi. Leo anaandika huyu, kesho ameajiriwa mwingine, na "sisi" inabaki palepale kama koti lililotundikwa mlangoni, ambalo kila aingiaye hulivaa.

Kwa maoni yetu, kinachopaswa kudumu katika sauti ya kampuni ni uhusiano kati ya msemaji na msemeshwa. Maneno hufuata uhusiano huo. Na kwa kuchunguza jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Mji wetu umeishi kwa zaidi ya miaka mia moja na kampuni iliyokuwa na sauti moja kuliko zote katika Afrika ya kati.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliacha desturi ya kuajiri wafanyakazi wa muda mfupi na kuwarudisha vijijini, ikaanza kuwatuliza mjini pamoja na wake zao na watoto wao. Mfanyakazi alipewa nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali ya kujifungulia mkewe na shule ya kusomea wanawe. Kiswahili kikawa lugha ya mpango huo. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo chetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi lugha hii ilivyochaguliwa, ikaandikiwa miongozo na kufinyangwa na serikali, misheni na makampuni hadi mwaka 1938. Sina la kuongeza juu ya historia hiyo. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba kampuni haikuchukua lugha tu. Ilichukua pia nafasi katika mazungumzo, nayo ilikuwa nafasi ya baba.

Tazama jina la gazeti lake. Mwaka 1957 kampuni ilianzisha gazeti kwa ajili ya wafanyakazi wake, ikaliita Mwana Shaba. Msomaji wa pwani akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni la bibi mwenye cheo, kwani kule "Mwana" hutangulia jina la mwanamke mheshimiwa. Mwanafunzi wa sarufi atalilinganisha na mwanachama, mwanahisa, mwanamaji, yaani maneno ambamo "mwana" ina maana ya mtu wa kundi fulani au wa kazi fulani. Kwa njia hiyo Mwana Shaba ni mtu wa kazi ya shaba, kama vile mwanamaji alivyo mtu wa kazi ya majini. Lakini hapa kwetu hakuna aliyelisikia hivyo. Wingi wake ni Bana Shaba, na bana ni watoto. Hakuna kiunganishi kati ya maneno hayo mawili, na palipokosekana kiunganishi ndipo siasa ilipoingia, kwani angekuwa mwanachama angeweza kupiga kura, hali mtoto kazi yake ni kulishwa na kukanywa.

Nathubutu kusema kwamba kama kazi ya kutunga jina, hilo ni bora kuliko majina yote ya kibiashara yaliyopata kutungwa katika mji huu. Ni fupi, linatamkika katika kila lugha ya Katanga, na limebeba uhusiano mzima. (Simba, bia yetu, nayo haijambo, lakini simba haahidi kitu.) Mwaka 1971 hata serikali ililifuata neno hilo, mkoa mzima ukabadilishwa jina na kuitwa Shaba hadi mwaka 1997.

Baba huyo hakuwa mpole wakati wote. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu linatupa kipimo. Sauti ya baba ilisema "kula" na ilisema "nyamaza", na zote mbili zilitoka katika kinywa kimoja. Kwa upande wa msimamo haikuwa na pengo. Mwenye kusifu msimamo wa sauti bila kuuliza zaidi, itambidi aisifu na hiyo.

Upande wa pili wa mazungumzo ulikuwa na maandishi yake pia. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wenzake, kwa Kiswahili cha hapahapa, bila mwongozo wa tahajia na bila kuomba radhi kwa yeyote. Maandishi hayo yalichapishwa na Fabian na wenzake mwaka 1990. Nawashauri wanafunzi wayasome kwa sauti kubwa, maana ukiyasoma kimya yanakwama. Ndani yake pia yumo "sisi", lakini "sisi" hiyo ina watu unaoweza kuwahesabu.

Tuje kwenye jambo la kisarufi ambalo ndilo kiini cha hoja yetu. Ziko lugha zinazotenganisha "sisi" ya kumjumlisha msikilizaji na "sisi" ya kumtenga. Kiswahili hakitenganishi. Nikisema "nyumba yetu" mbele yako, huwezi kujua kutokana na umbo la neno kama nawe ni mwenyeji au ni mgeni. Kifaransa kina kasoro hiyohiyo, ndiyo maana tafsiri kutoka huko haituokoi. Kampuni yoyote inayosema "kampuni yetu" inanufaika na utata huo. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilipotaifishwa, ikaundwa Gécomin, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 iligeuka kuwa Gécamines. Majina yalibadilika, gazeti likaendelea kuitwa Mwana Shaba, nyumba, posho, hospitali na shule zikabaki, watu wakaendelea kuiita kampuni baba na mama. Neno "yetu" sasa lilikuwa na nguvu zaidi, kwani mfanyakazi alijumlishwa mara mbili, kama mtoto wa kampuni na kama mwananchi mwenye mali.

Kisha baba akaishiwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikacheleweshwa kwa miezi, kisha kwa miaka. Kati ya mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa kwa Kifaransa Opération départs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari.

Hapa ndipo mhakiki hana budi kusimama. Maneno "kuondoka kwa hiari" yanafuata kikamilifu mtindo wa kampuni: ni mapole, ni ya adabu, hayamlaumu mtu. Mwongozo wowote wa mtindo ungeyapitisha. Na bado ndiyo maneno yaliyovunja sauti ile ya miaka sabini, kwa sababu mtoto haondoki kwa baba yake kwa hiari akiwa na barua ya hesabu mkononi. Nahau ilibaki ya familia, uhusiano ukawa wa karani na mdai. Mwanahistoria wa chuo chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikwisha kuona hali hiyo ikija: kitabu chake cha mwaka 2001 kinawataja Bana Shaba, tangu kwenye jalada, kuwa watoto walioachwa na baba yao. Madai ya wafanyakazi hao wa zamani, yaliyoendelea kwa miaka mingi baadaye, hayakuhusu fedha peke yake. Walikuwa wakiidai kampuni iheshimu neno iliyokuwa imelitumia yenyewe. Waliisoma sauti ya kampuni kwa makini kuliko waandishi wake.

Makampuni ya leo yana tatizo la kinyume. Rangi zao hazibadiliki, nembo zao zimepimwa kwa rula, lakini kila lugha inasema na mtu mwingine. Hivi karibuni nilipata katika simu yangu ujumbe wa kampuni moja, ambayo sitaitaja, ulionishukuru kwa Kifaransa na kuniamuru kwa Kiswahili. Sehemu ya Kifaransa ilinisemesha kwa nafsi ya wengi, kama ilivyo adabu ya lugha hiyo. Sehemu ya Kiswahili ilitumia kitenzi cha amri katika umoja, kama vile mtu anavyomtuma mtoto dukani. Mwandishi wake bila shaka alifikiri kwamba Kiswahili hakina njia ya kuonyesha heshima katika kitenzi. Njia zipo. Kiswahili bora kina dhamira tegemezi, "ubonyeze" badala ya "bonyeza". Na hapa Lubumbashi mtu mzima husemeshwa kwa wingi, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua akimsalimu mama wa jirani.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kuandika Kiswahili bora kila mahali, ili sauti iwe moja kuanzia Mombasa hadi Kolwezi. Mfano wanaoupenda ni M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007 na kuletwa Kongo na Vodacom mwaka 2012 kwa jina lilelile. Ni kweli kwamba jina limeshika. Lakini mama muuza samaki sokoni haiti fedha zake pesa. Anaziita makuta, neno lililosalia kutoka sarafu ya mwaka 1967, au falanga. Pesa kwake imekuwa jina la huduma, na makuta yamebaki kuwa makuta. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale mwandishi anapodhani kwamba kwa kuwa jina limevuka mpaka, sentensi nazo zimevuka. Kwa mfano, sisi kwa kawaida husema "kutumika" tukiwa na maana ya kufanya kazi. Kampuni ya hapa ikiandika kwamba inatumika kwa ajili ya wateja, mteja wa Lubumbashi ataridhika, na yule wa Dar es Salaam atajiuliza ni nani anayeitumia. Kati ya hao wawili lazima uchague unayesema naye. Mimi ningemchagua aliye mbele ya kaunta, hata kama mhariri wa jarida hili atanikosoa.

Katika semina ya mwaka huu niliwaomba wanafunzi walete maandishi yoyote ya kampuni au ofisi yaliyoandikwa kwa Kiswahili, watie mstari chini ya kila "sisi" na "yetu", kisha waandike pembeni ni akina nani. Mwanafunzi mmoja alileta ilani ya kukatika kwa maji iliyobandikwa mtaani kwao. "Wateja wetu" walitajwa mara nne. Pembeni ya mara ya nne aliandika kwa kalamu nyekundu: wasiolipa.