Hoteli kubwa ya katikati ya muji, na mlango wake wa nyuma



Karibu kila mwezi ninaona picha ya mmoja wetu akiwa ndani ya hoteli kubwa ya katikati ya Lubumbashi: badji shingoni, kikombe cha kahawa mkononi, mti wa plastiki nyuma yake. Sicheki mutu. Picha ile hata mimi niko nayo. Nilipigwa mwezi wa kumi na mbili, miaka miwili imepita, wakati proje moja ya kilimo ilitualika semina ya siku tatu na kutulipia vyumba. Jina la hoteli sitalitaja. Ila nataka kuisahihisha sawa vile mwalimu anasahihisha mtihani: pointi fasi inastahili, kalamu nyekundu fasi inakosa. Na nitaisahihisha kama mutu wa agronomia, juu njo kazi yenye nilisomea.

Tuanze na mazuri. Maji yanatoka, ya moto na ya baridi, usiku na mchana. Kwa mutu wa komini ya Katuba ao ya Kenya, mwenye kuamka saa kumi ya usiku kungojea bomba lianze kulia, hiyo hapana kitu kidogo. Umeme wa SNEL ulikatika mara ine katika siku zile tatu. Nilijua tu juu taa zilifumba macho kidogo, kisha grupu ikaamka, na mwenye kusema hakukatiza hata neno lake. Intaneti nayo, ndugu zangu! Siku kumi na mbili nilikuwa napambana kutuma dosie ya bursi, pale ikapita kwa dakika tano. Pisini iko safi, vitanda viko vizuri, taulo zinabadilishwa kila siku hata kama haujaomba.

Watumishi pia ninawapa pointi zote. Siku ya pili wanakuita kwa jina. Kijana mmoja wa mapokezi alinikumbusha kwamba tulikuwa pamoja Kasapa. Yeye alimaliza sayansi ya siasa. Alivaa suti nzuri kuliko yangu na alisimama masaa kumi kwa siku. Tuliongea kidogo, kwa sauti ya chini, juu mukubwa wake alikuwa karibu. Bei ya usiku mmoja, ile imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba, ilipita makuta yenye nilikuwa ninapewa kwa mwezi muzima wa staji. Hiyo siilaumu. Grupu inakunywa mazutu, na watu wa makampuni ya madini wako tayari kulipa.

Kalamu nyekundu ilianza katika sali ya mikutano. Tulikuwa watu makumi ine, klimatizeri imefika baridi ya kutisha, rido zimefungwa. Inje mvua ya Desemba ilikuwa inanyesha, ile yenye mkulima anaingojea tangu mwezi wa kumi, na sisi ndani tunaangalia grafiki ya mvua kwenye ukuta. Tulirudia mara nyingi ile maneno ya Rais Tshisekedi, kwamba udongo ulipize kisasi juu ya madini ya chini yake. Kila mutu alipiga makofi. Kisha tukaenda kula.

Juu ya meza ya asubuhi kulikuwa mapome yenye etiketi ya Afrika ya Kusini, juisi ya machungwa ya ndani ya boksi, asali ya Ulaya ndani ya vikopo vidogo vya plastiki, viazi vyenye vilikatwa na kugandishwa mbali sana na hapa, na tomati ngumu, zote rangi moja, zote ukubwa moja. Katika mwezi wa kumi na mbili! Maembe yalikuwa yanaoza chini ya miti huko Kasapa. Kwenye barabara ya Likasi mama zetu walikuwa wanauza masuku na uyoga ndani ya beseni, na asali ya misitu ya miombo ndani ya chupa za maji. Hata kimoja hakikuvuka mlango ule.

Mbaya zaidi, siku ya ine jioni walitutangazia «usiku wa Afrika». Walileta bukari, sombe na vinkubala, pamoja na ngoma mbili na wachezaji wenye kujifunga majani. Mimi ninakula bukari kila siku bila ngoma. Chakula cha watu wengi wa muji huu kimekuwa maonyesho ya mara moja kwa juma, katikati ya muji wenyewe. Na usiku ule, nilipoomba kuona jikoni, nilikuta gunia ya unga ule: ilitoka Zambia.

Hapa wengine watasema: lakini hata nyumbani kwetu unga unatoka Zambia. Njo kweli. Kasumbalesa haifiki kilometa mia moja kutoka hapa, na kamio zinapita usiku na mchana. Katika 2024 ukame ulipiga Zambia, serikali yake ikatangaza janga la taifa mwezi wa pili, mahindi yakafungiwa njia ya kutoka, na kila nyumba ya Lubumbashi ilijua ile maneno inamaanisha nini. Mama wa mtaa akinunua unga wa Zambia, ananunua kile anaweza kupata. Hoteli iko na nafasi ya kuchagua. Iko na chumba cha baridi, motokari, mutu wa kununua mwenye kulipwa kila mwezi, na wageni wenye hawaulizi bei.

Nilimuuliza chef wa jikoni: «Papa Chef, juu ya nini tomati zinatoka mbali vile?»

Alicheka. «Ingeniere, mimi ni mutoto wa Kipushi. Unazani sipendi tomati za kwetu? Unilete kilo makumi tatu kila siku ya pili na kilo makumi tatu kila siku ya tano, mwaka muzima, ukubwa moja. Na uniambie zinatoka fasi gani, na mto gani njo ulizinywesha.»

Swali lake la mwisho lilinifunga kinywa. Ninyi wote munajua juu ya nini. Kwa miaka mingi tanuru la shaba, lile la bomba refu lenye kila mutoto wa Lubumbashi analichora shuleni, lilitupa moshi wake, na upepo wa kusini-mashariki ukaupeleka upande mmoja wa muji. Udongo wa upande ule ulipokea shaba, zinki, risasi na kadmiamu. Fakilte yetu wenyewe imeandika mengi juu yake. Ukipanda lengalenga fasi mbaya, inaweza kuota kijani kizuri kabisa, na jicho halitakuambia kitu. Kwa hiyo chef mwenye kuuliza vile hana kiburi, anafanya kazi yake. Mama wa sokoni naye angepaswa kupata jibu, na yeye hata hana mutu wa kumuuliza.

Tulirudi pale na jibu. Tulikuwa watano, wote wa promosyon moja. Tulitafuta shamba upande wa barabara ya Kasenga, mbali na upepo wa tanuru, kwa mama watatu wenye walikuwa wanalima pale mbele yetu. Tulipeleka udongo na maji kwenye laboratwari, tukalipa kutoka mifuko yetu. Udongo ulikuwa na asidi nyingi, sawa vile tulitarajia, tukauwekea dolomia. Kipwa kilienda vizuri. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi tulipeleka kilo makumi tatu mara mbili kwa juma, na chef mwenyewe alitoka inje kutusalimia.

Halafu makuta. Fakture zilipaswa kulipwa kisha siku makumi sita. Ya kwanza ililipwa kisha siku makumi nane na tatu. Katikati hapo mwezi wa tisa ulifika, masomo yakaanza, na mama mmoja alikuwa anangojea makuta yale kwa minervali ya watoto wake wawili. Aliniuliza: «Mwana wangu, hoteli yenye inakosa makuta ya tomati, taa zote zile inazilipa na nini?» Niliangalia chini. Watoto wake walirudishwa nyumbani juma mbili. Na mujue: tomati zetu zote za juma moja zilikuwa na bei ndogo kuliko chumba kimoja kwa usiku mmoja. Kwa hoteli ile ilikuwa karatasi moja iliyosahauliwa ndani ya biro. Kwa mama yule ilikuwa nafasi ya mutoto darasani.

Kama ningeishia hapa, mungenipigia makofi na tungelala vizuri. Lakini mtihani wetu pia unasahihishwa.

Mwezi wa kwanza mildiu iliingia ndani ya shamba. Kila mutu wa agronomia anaijua: Phytophthora infestans, unyevu mwingi, usiku wa baridi, madoa ya kahawia juu ya jani na ukungu mweupe chini yake. Nililiandika jina lile kwenye mtihani bila kosa hata moja. Lakini tulipanda mbegu ile ile ya kipwa, miche ilikuwa karibu karibu, hatukuifunika na plastiki, na dawa ya shaba, yenye inapaswa kupigwa mbele ya ugonjwa kuingia, tuliinunua kisha madoa kutokea. Katika muji wa shaba tulikosa shaba kwa wakati wake. Juma mbili tu, shamba likawa jeusi. Siku ya tano ile tulipeleka kilo sita, zingine zimepasuka. Chef hakukasirika. Aliziangalia, akasema: «Pole, Ingeniere», akarudia kamio ya Kusini. Wageni wake walikuwa wanangojea saladi.

Kuna wenzetu wenye wanapenda kutaja sheria ya 2017, ile inataka kandarasi ndogo za makampuni zipewe Wakongomani. Ni sheria nzuri, na niko nyuma yake. Lakini siku ile ya kilo sita, hata kama waziri mwenyewe angesimama kwenye mlango wa jikoni na karatasi mkononi, saladi isingepatikana.

Basi pointi zangu ni hizi. Hoteli inapata nyingi kwa maji, umeme, intaneti na usafi. Inapata kidogo sana kwa meza yake, juu mutu anaweza kulala pale juma nzima bila kujua kama aliota Lubumbashi ao Johannesburg. Na kwa namna inavyowalipa wakulima wadogo inapata sifuri. Kumlipa mwenye kuleta tomati siku ile ile hakuwezi kuivunja. Kuweka embe juu ya meza katika mwezi wa embe hakuombi mutaalamu. Na bukari iwekwe kila siku, bila majani kiunoni.

Sisi wasomi wa agronomia tunapata pointi ya kujua udongo wetu ni safi, na tunakosa ya kujua mvua, wakati mvua inakuya kila mwaka katika miezi ile ile. Tumeandika memwari nyingi juu ya tomati. Katika rafu za fakilte kuna kazi nzuri juu ya aina zenye zinavumilia mildiu, na sisi watano, wenye tulipita mbele ya rafu zile miaka tano, hatukuenda kuzifungua mbele ya kupanda.

Leo tunapeleka salata na sereli tu, mara moja kwa juma. Kisha kuongea sana, hoteli imekubali kulipa siku makumi tatu, na mara mbili imechelewa. Mwaka huu tumejenga nyumba ya plastiki, mita sita kwa makumi mbili, kwa tomati za mvua. Mama wawili wamebaki na sisi. Yule wa minervali alirudia kuuza sokoni, fasi wanalipa mkono kwa mkono, na simlaumu.

Ukialikwa tena kule, piga picha yako, hakuna ubaya. Kisha zunguka nyumba upande wa parking, uangalie ile kamio kubwa yenye frigo. Siku ya tano, saa kumi na mbili ya asubuhi, utatukuta nyuma yake na pikipiki, tunangojea zamu yetu. Na kama memwari yako ilikuwa juu ya mildiu, tafazali, kuya nayo.