Mti wa Usukani: Uhakiki wa Baiskeli ya Mizigo ya Kamina

Baiskeli ya mizigo inayoingia Kamina kutoka upande wa Kabongo au wa Kaniama ina usukani usiolingana. Upande wa kushoto umeongezwa mti ulionyooka, umefungwa kwa tepe za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu, nao umetokeza nje kuipita mishikio ya kawaida. Mti wa pili umesimama wima nyuma ya tandiko na kuvuka kimo cha magunia. Baina ya miti hii miwili, ubavuni mwa mzigo, anatembea mtu. Tandiko halikaliwi na pedali hazizungushwi. Mpango huu unastahili kusomwa kwa subira ile ile tunayoipa kazi yoyote iliyosanifiwa, kipengele kwa kipengele, tukiuliza kila kipengele kinatenda nini na kingeondolewa nini kingeharibika. Dai langu ni kwamba baiskeli hii ni umbo-jibu: kila badiliko lililofanyiwa chombo kilichotoka kiwandani limejibu sifa fulani ya njia, kiasi kwamba anayeijua njia angeweza kulikisia umbo, na anayelitazama umbo kwa makini anaweza kuisoma njia.

Basi tuanze na njia. Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, ni njia panda ya reli: hapa reli itokayo Lubumbashi kwenda Ilebo huachana na ile iendayo Kabalo na Kalemie. Reli hupita inapopita. Mahindi, mihogo, makala na mafuta ya mawese hutoka vijijini mbali na stesheni, na samaki wakavu hutoka kwenye maziwa ya bonde la Upemba, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari za bidhaa hizi huandikwa ardhini kwa tairi jembamba la kinga, kama baiskeli inavyoitwa huku.

Ardhi yenyewe ina sarufi mbili zinazopingana. Sehemu za nyanda hizi za juu zimefunikwa na mchanga wa tabaka la Kalahari, na sehemu nyingine zina udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mchanga mkavu hauna kinachozifunga punje zake isipokuwa uzito na msuguano. Ukilowa kidogo, utando mwembamba wa maji huzivuta punje pamoja, na uso uliokuwa ukimeza tairi hadi kwenye ringi huanza kulibeba. Ukilowa kupita kiasi, maji hujaza nafasi zote na mvutano ule hupotea. Mfinyanzi hufuata kanuni iliyo kinyume: mkavu ni mgumu kama sakafu, ukilowa huteleza na kunasa. Kwa hiyo msimu wa kiangazi, takriban Mei hadi Septemba, ambao mgeni angedhani ndio rahisi kwa msafiri, ni msimu ambapo mchanga huwa mbaya kuliko wakati wote, na mvua ya kwanza ya Oktoba huikaza njia moja siku ile ile inayoiharibu nyingine. Msukumaji akiuliza habari za njia, hatosheki na jibu la kama ni nzuri au mbaya. Anauliza mvua ilinyesha lini, na wapi.

Swali hili lina ndugu yake mbali sana, kwenye theluji ya kaskazini, na ulinganifu huo unatusaidia kuona kilicho cha pekee hapa. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Québec, alipotoa Ski-Doo mwaka 1959, alilijibu tatizo la uso usiobeba kwa kuutandaza uzito: mkanda mpana wa mpira nyuma, jozi ya skii mbele, ili kila sentimita ya theluji ibebeshwe kidogo tu. Njia zenyewe husawazishwa kwa mitambo, mara nyingi usiku, kwa kuwa theluji iliyosagwa na kukandamizwa huhitaji saa kadhaa za baridi punje zake zigandane upya. Huko chombo ni kipana na njia hutengenezwa na watu waliopewa kazi hiyo. Kamina hali imegeuka: chombo ni chembamba kupindukia, na hakuna mtengenezaji wa njia isipokuwa wapitaji wenyewe. Gurudumu la mbele hulikata tuta, la nyuma hulikandamiza, anayefuata huchagua kurudia mstari ule ule au kuuacha. Mstari ukilegea, wapitaji huhamia pembeni, na baada ya muda njia moja huwa tatu zinazosukana na kuachana kati ya vichaka vya miombo. Huu ni utunzi wa pamoja usio na mhariri, na ubora wake hutegemea uamuzi wa kila anayepita.

Sasa turudi kwenye chombo. Msingi wake ni baiskeli nzito ya muundo wa kale wa Kiingereza, ambao viwanda vya India na China vimeendelea kuutoa: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fito. Ukubwa wa gurudumu ndio fadhila yake ya kwanza, maana gurudumu kubwa huvuka shimo ambamo gurudumu dogo lingetumbukia. Wembamba wa tairi ndio kasoro yake, na mzigo wa kilo 100 hadi 200 huifanya kasoro hiyo isivumilike kwa mtu aliyeketi. Kutokana na kasoro hii hutokea uamuzi mkuu wa kiusanifu, ule ambao mengine yote yanautegemea: mpandaji huondolewa. Mwili wake hauongezi tena uzito juu ya magurudumu. Miguu yake, yenye nyayo pana kuliko tairi, inasimama kwenye ardhi yake yenyewe na kusukuma kutoka hapo. Tandiko hugeuka kuwa sehemu ya kuegemeza mzigo. Pedali, ambazo zingegonga kuta za mfuo ulioachwa na magari makubwa, hubaki bila kazi, na wapo wanaoziondoa kabisa.

Uamuzi huu unaleta deni. Baiskeli inayokwenda kasi hujisimamisha kwa kiasi fulani, kwa sababu usukani hujirekebisha upande inakoinamia. Kwenye mwendo wa miguu utulivu huo haupo, na chombo cha magurudumu mawili chenye magunia hadi kifuani huanguka kila wakati, ama kushoto ama kulia, mpaka kizuiliwe. Miti miwili ndiyo inayolipa deni hili, na namna inavyogawana kazi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika usanifu huu.

Mti wa usukani ni wenzo. Mkono wa wenzo ukirefushwa mara mbili, kani ya kuuzungusha hupungua nusu, na umbali ambao mkono wa mtu unapaswa kusafiri huongezeka mara mbili. Mtembeaji ana muda mwingi kuliko nguvu, hivyo biashara hii inampa faida. Yako matokeo mengine mawili ambayo hesabu ya wenzo peke yake haiyaonyeshi. Kwanza, kila pigo la shimo linalopinda gurudumu la mbele humfikia mkononi likiwa limepungua makali. Pili, na hili ni jambo la umbo hasa, mti humruhusu asimame nyuma kiasi, usawa wa gurudumu la nyuma, ambako mwili unaweza kuinama na kusukuma kwa uzito wake wote; bila mti angelazimika kusimama karibu na usukani, akiwa amesimama wima, na nguvu ya mgongo isingepata njia ya kupita. Mti wa wima wa nyuma hupokea nguvu hiyo. Mkono wa kulia huukamata juu, mbali na ardhi, ambapo mvuto mdogo tu unatosha kuuzuia mwinamo kabla haujawa anguko. Hivyo mkono mmoja unaongoza na mwingine unasimamisha, na mgongo unasukuma kupitia yote miwili. Na ukiuliza kwa nini kushoto, jibu liko kwenye kiwanda: mnyororo uko kulia.

Mpango huu una jamaa wanaojulikana katika historia. Wapagazi wa Vietnam waliolisha jeshi lao huko Dien Bien Phu mwaka 1954 walifunga mianzi kwenye usukani na nyuma ya tandiko kwa mantiki ile ile, na baiskeli zao zilibeba hadi zaidi ya kilo 300. Sidhani tunahitaji kutafuta nani alimfunza nani. Tatizo likiwa moja na vifaa vikiwa vile vile, akili mbili zinaweza kufika mahali pamoja. Chukudu ya Goma inafundisha zaidi kwa tofauti yake: ni chombo cha mbao kilichobuniwa upya kuanzia gurudumu, na kinautegemea mteremko, ambao humlipa mwendeshaji taabu ya kupanda, akishuka huku goti limeegemea ubao. Uwanda wa Kamina hautoi zawadi hiyo. Hapa mteremko ni mfupi, wa kushukia kijito na kupanda tena, na breki za fito hazikutengenezwa kwa uzito kama huu. Mtu hukandamiza wayo wa kandambili juu ya tairi la nyuma huku akiegama nyuma, akivuta ule mti alioutumia kusukuma. Kifaa kimoja, kazi mbili zinazopingana, bila kubadilishwa chochote.

Katika mpangilio wa mzigo kuna wizani unaoonekana kwa jicho. Kizito hukaa chini: bidoni za mafuta huning'inia pande zote mbili za gurudumu la nyuma, jozi sawa, na mihogo ikikaa ndani ya fremu yenyewe. Makala, mepesi kwa ujazo wake, hupanda juu. Utepe wa mpira ndio ushikamanifu wa kazi nzima. Kamba ya katani au nailoni hushika mpaka mzigo utulie, kisha hulegea. Mpira uliovutwa hufuata mzigo unavyojibana kwa mitetemo ya safari na kuendelea kuukaza. Mfungaji hodari hulijua hilo, ndiyo maana mizunguko yake ya kwanza haibani sana na ya mwisho huvutwa kwa nguvu zote.

Darajani ndipo umbo hili linapojaribiwa kuliko popote. Madaraja mengi ya njia hizi ni magogo na mbao zilizolazwa kwa urefu, kufuata mwelekeo wa safari, na nafasi kati ya ubao na ubao hutosha kabisa kulimeza tairi la baiskeli. Gari hupita bila kuijua nafasi hiyo. Kwa msukumaji, kila ubao ni mstari usioruhusu kosa, na mti mrefu uliomsaidia mchangani sasa unamsukuma mbali na chombo chake, karibu na ukingo. Wengi huvuka wawili wawili: mmoja kwenye miti, mwingine akishika nyuma, kisha hurudi kuchukua baiskeli ya pili. Umbo lililosanifiwa kwa mtu mmoja linamhitaji wa pili kwa mita chache tu, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwaona wakisafiri kwa misafara.

Mavazi niyapitie haraka, isipokuwa moja. Msukumaji huvaa kidogo, suruali iliyokunjwa na kandambili, kwa kuwa kazi yenyewe humpa joto. Koti lake, kama analo, limefungwa juu ya mzigo. Manseba, mwendesha pikipiki wa kukodi, ana hali tofauti: ameketi bila kujongea ndani ya upepo anaoutengeneza mwenyewe, na alfajiri za Juni na Julai kwenye nyanda hizi ni baridi kweli. Koti lake mara nyingi ni la mtumba, lililoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji, lenye vyumba vya mshono vinavyofunga hewa isitembee. Naye hulivaa kinyume, zipu ikiwa mgongoni, desturi inayoonekana pia kwa wenzake wa Kampala na Nairobi. Usomaji huu wa koti ni sahihi kuliko wa mshonaji. Zipu ni ufa, na ufa haufai kuelekezwa kwenye upepo. Mshonaji alimfikiria mtu anayetembea, manseba anamfikiria mtu anayeupasua upepo kwa kifua. Anakosa mifuko na wepesi wa kuvua. Anapata kifua kisicho na mshono.

Nimebaki na jambo moja ambalo halinipendezi, nalo ni uma wa mbele. Mafundi huuimarisha kwa kuchomelea nondo kila upande, kutoka kwenye ekseli hadi karibu na usukani, na kuna wateja wasionunua baiskeli mpaka kazi hiyo ifanyike. Ni kweli uma usioimarishwa hupinda kwa mzigo wa kilo 150. Lakini uma wa kiwandani umepindwa mbele kwa makusudi, na mpindo ule, kwa kunyumbuka kidogo, huchukua sehemu ya pigo. Nondo iliyonyooka huufuta unyumbufu huo na kulipeleka pigo zima kwenye spoki na ringi, ambazo hakuna aliyeziimarisha. Mvunjiko haujazuiwa, umehamishwa. Ziko baiskeli nyingine ambazo nondo zake hazikuchomelewa juu bali zimefungwa kwa mpira, mizunguko mingi iliyobana sana, hivi kwamba ncha ya juu inaweza kusogea kwa kadiri ya unene wa kidole. Fundi wa namna hiyo ametumia kwenye uma kanuni ile ile inayotawala miti na magunia, kwamba kiungo kinachokubali kujongea hudumu kuliko kilichokakamaa, na kwa macho yangu chombo chake ndicho pekee ambacho mbele na nyuma yake vinazungumza lugha moja.