Kibao cha Amani Mjini Ladue

Yamkini msomaji atashangaa kukuta sheria ndogo ya mji, tena mji wa ng'ambo, ikihakikiwa mahali ambapo amezoea kukuta mashairi na tamthilia. Hata hivyo sheria nayo ni utungo. Ina msamiati wake, ina yanayotamkwa na yanayonyamaziwa, na aghalabu nia ya mtunzi hudhihirika zaidi katika yale aliyoyaruhusu kwa upendeleo kuliko katika yale aliyoyakataza. Katika insha hii tunakusudia kuusoma utungo mmoja wa namna hiyo, yaani sheria ya mabango ya Ladue, kitongoji cha St. Louis katika jimbo la Missouri nchini Marekani, pamoja na ombi la mwanamke mmoja aliyetaka kufunguliwa mlango katika sheria hiyo.

Ladue ni mji mdogo wa watu wapatao 9,000, na karibu ardhi yake yote ni ya makazi. Wakuu wake walieleza kwamba mabango yakiachwa yaongezeke bila kipimo yataleta uchafu machoni, yataharibu uzuri wa mahali na kushusha thamani ya nyumba. Hatuibezi nia hiyo. Mtu ye yote aliyeona katika miji yetu matangazo ya soda, ya simu na ya waganga yakigombea nguzo moja ya umeme ataielewa mara moja.

Miji ya Marekani inapoweka sheria za aina hii huacha pia njia ya kuomba ruhusa ya pekee, maana hakuna kanuni iwezayo kuona mbele kila kona ya barabara. Kwa desturi mwombaji huulizwa maswali ambayo kwa kweli ni ya busara. Je, taabu yake inatokana na kiwanja chenyewe, au ameijitakia mwenyewe? Je, anatafuta unafuu wa haki au faida tu? Je, ruhusa hiyo itageuza sura ya mtaa? Je, anachoomba ni kidogo kadiri iwezekanavyo? Tuchukue mfano wa mwenye duka ambaye jengo lake limefichwa na kilima, hata wapita njia hawalioni mpaka wamekwisha kulipita. Huyo akiomba kibao kirefu kidogo kuliko kipimo cha sheria, ana la kusema: kilima kinamtetea. Lakini jirani yake, ambaye duka lake liko wazi na shida yake ni uchache wa wateja tu, hana hoja. Hivyo njia hii imejengwa kwa ajili ya mabonde, kona na kuta. Lugha yake ni lugha ya mpima ardhi.

Tarehe 8 Desemba 1990, wakati Marekani ilipokuwa ikijiandaa kwa vita vya Ghuba, Margaret Gilleo aliweka mbele ya nyumba yake kibao cha inchi 24 kwa 36 kinachowasihi watu waikatae vita hiyo na wawapigie simu wabunge wao. Kibao kikatoweka. Akaweka kingine, kikaangushwa. Alipokwenda kuripoti kwa polisi aliambiwa kwamba vibao kama hivyo vimekatazwa mjini humo. Basi akafanya kama raia mwema afanyavyo: akaiomba Halmashauri ya Mji ruhusa ya pekee. Akanyimwa.

Tulitazame ombi hilo kwa makini. Taabu ya Gilleo haikutoka katika kilima wala kona. Ilitoka katika jambo alilotaka kulisema, na tena kulisema kwa wakati wake, kabla vita havijaanza. Ni vigumu kuona jinsi mizani iliyotengenezwa kupimia viwanja ingeweza kupima uzito wa neno.

Gilleo alikwenda mahakamani, akapata amri ya muda dhidi ya sheria hiyo. Mji ukaifuta, ukatunga nyingine mahali pake. Gilleo naye alikuwa amebandika dirishani, ghorofa ya juu, karatasi ya inchi 8.5 kwa 11, kiasi cha karatasi ya barua, yenye maneno machache ya kutaka amani. Sheria mpya ilikataza hata hiyo. Ilikuwa na orodha ya mambo 10 yaliyosamehewa, na orodha hiyo ndiyo, kwa maoni yetu, sura muhimu kuliko zote katika utungo huu. Walisamehewa wenye kuuza nyumba. Yalisamehewa makanisa na shule, vituo vya petroli, maduka katika eneo la biashara, na vibao vya kuonya hatari. Mwenye nyumba angeweza kuwatangazia wapita njia kwamba nyumba yake inauzwa, lakini hakuweza kuwaambia anaonaje juu ya vita.

Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba sheria hiyo haifai. Jaji John Paul Stevens alieleza kwamba kibao cha nyumbani ni njia rahisi ambayo mtu wa kipato kidogo huenda asipate nyingine ya kushika nafasi yake, na kwamba neno likisimama mbele ya nyumba ya msemaji hubeba uzito wa jina lake. Jaji Sandra Day O'Connor alikubali, ila angependa iulizwe kwanza kama sheria ilibagua kwa kutazama maneno. Swali hilo lilirudi mwaka 2015 katika kesi ya mji wa Gilbert, Arizona. Huko vibao vya itikadi viliruhusiwa hadi futi 20 za mraba, ilhali kibao cha kuelekeza watu kwenye ibada kilifungwa katika futi 6. Sheria hiyo nayo ilianguka.

Hata hivyo hoja ya Stevens, ijapokuwa tunaiheshimu, imeegemea mno juu ya nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, asiye na uga na asiyeruhusiwa na mwenye nyumba kugusa ukuta, ataweka wapi neno lake? Katika pwani yetu swali hili lilipata jibu zamani. Mwanamke asiye na ukuta huchagua kanga kwa jina lake, akajifunga, akapita mbele ya yule anayekusudiwa, na mtaa mzima ukasoma. Hakuna halmashauri iliyopima ukubwa wa maandishi hayo, wala hakuna aliyeombwa ruhusa.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi sheria ndogo ya mabango ya mji wao wenyewe, na kuwataka waanzie kuisoma kutoka mwisho, kwenye orodha ya waliosamehewa.