Paa na Msitu katika Nagona: Tahakiki ya Usomaji wa Kiishara

Riwaya ya Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, pamoja na Mzingile (1991) inayoifuata, ni miongoni mwa kazi za Kiswahili zilizohakikiwa sana kwa mkabala wa kifalsafa. Msimulizi wa Nagona anamfuatilia paa katika safari isiyofuata utaratibu wa kawaida wa mahali wala wakati. Usomaji uliozoeleka humchukulia paa huyo kuwa ishara ya ukweli, ambao binadamu huukaribia asiushike. Tahakiki hii haiupingi usomaji huo, bali inaonesha kinachopotea pale unapofanywa kuwa usomaji pekee.

Kinachopotea ni paa mwenyewe. Majibu ya wanafunzi wetu huja mara nyingi kwa mfano wa jedwali: upande mmja viumbe na mahali, upande wa pili dhana. Paa ni ukweli, msitu ni mashaka, mwanga ni ujuzi. Upande wa pili ukishajazwa, ule wa kwanza hauna kazi tena. Maumbile yanabaki kuwa msamiati wa fikra za binadamu tu. Ilhali katika tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison mwaka 1985, Kezilahabi mwenyewe aliihoji falsafa inayomtenga mtu anayejua na kitu kinachojulikana. Kwa mintarafu hiyo, jedwali letu linaurudisha utengano uleule ambao mwandishi alikusudia kuuvunja.

Hapa isimu inaweza kuifaa fasihi. Kimofolojia, nomino paa haina kiambishi cha ngeli ya watu, lakini upatanisho wake ni wa ngeli hiyo: paa amekimbia, paa ameitwa. Kiambishi a- hakimlazimishi msomaji kuamua iwapo anayekimbia ni mnyama, mwanamke, mwanamume au malaika. Lugha zenye viwakilishi tofauti vya mume, mke na kitu humdai mwandishi uamuzi huo mapema. Ngano zetu zimeitumia nafasi hii tangu zamani, na hakuna mtoto anayeshangaa sungura akisema. Kezilahabi anaichukua nafasi hiyo na kuipa uzito wa swali la kifalsafa.

Aidha, tutazame ngeli ya M-/MI-. Humo mna mti, msitu, mlima na mto. Mna pia mwili, moyo na mzimu. Ni kosa kudai kwamba ngeli ni itikadi, kwani mkate na mkeka navyo vimo humo. Hata hivyo, sentensi inayotoka msituni na kuingia moyoni haibadili upatanisho. Mpaka kati ya mazingira na nafsi hauwekewi alama na sarufi. Anayeuweka ni mhakiki.

Hoja hii ina ukomo wake. Haimfanyi Kezilahabi kuwa mwandishi wa uhifadhi wa mazingira, wala haithibitishi kwamba kila mtumiaji wa Kiswahili huyaona maumbile kwa jicho moja. Inachosema ni kwamba lugha ya riwaya inaruhusu umoja ambao uhakiki wetu umekuwa ukiukata. Jambo hili lina uzito zaidi katika Mzingile, ambamo maangamizi yamekwisha kupita na maisha hayana budi kuanza upya. Iwapo maumbile ni mavazi ya dhana tu, maangamizi hayo yanakuwa kosa la kifikra. Iwapo yana uhai wao, ni msiba uliowapata viumbe wote, na suala la kiroho linakuwa ni namna ya kuishi pamoja nao.

Tunapendekeza, basi, kwamba wanaoifundisha Nagona waanze na paa anayekimbia msituni, wakae naye kwa muda, ndipo waulize maana yake. Tukianza na maana, tutamaliza riwaya bila kukutana naye.